Kofia ya Mzee Shekuwe na Kura Moja ya Oldersham

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa, kwa sababu nikishaanza sirudi nyuma. Hadithi hii nimeisimulia Lamu, nimeisimulia Mombasa, na huko Uingereza kwenyewe nimeisimulia mbele ya mwanasheria mwenye miwani mbili, moja ya kusoma na moja ya kutazamia watu. Aliondoka bila jibu na chai yake akaiacha. Mimi shule niliiacha mapema kabla haijaniacha yenyewe, lakini fumbo kama hili hawafundishi huko.

Katika manispaa ya Oldersham, huko Uingereza, nchi ambayo jua likitoka watu hulipiga picha, waliishi watu watatu wa pwani kwetu waliopelekwa huko na riziki. Kila mmoja Mungu alimpa kipawa.

Wa kwanza ni Khatibu, na kipawa chake ni ulimi. Khatibu akikaa na paka nusu saa, paka huyo atakwenda kumwomba panya radhi.

Wa pili ni Famau, na kipawa chake ni mgongo. Kazi yake ilikuwa kuhamisha vyombo vya watu. Kabati ambalo wanaume wawili hulizunguka wakikuna vichwa, yeye alilipandisha ngazi huku akipiga mluzi.

Wa tatu ni Kibibi, na kipawa chake ni jicho. Alikuwa mhudumu wa wagonjwa, akizunguka nyumba kwa nyumba. Akisimama mlangoni tu amtazame mgonjwa, alijua huyu ataamka kesho au hataamka. Hakuwa mtu wa kusema ovyo alichokiona.

Juu yao, katika jengo lile lile, ghorofa ya tisa, ndipo alipokaa Mzee Shekuwe na mkewe Bi Mwanate. Mzee alikuwa mshona kofia wa Lamu, zile ziitwazo za vito, zenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi kwa sindano, moja baada ya jingine, mpaka macho yachoke. Walikuwa na mtoto mmoja, Bakari. Bakari alikufa Ijumaa mchana.

Sasa sikieni sheria ya makaburi ya Oldersham. Lango lilikuwa likifungwa kila Ijumaa adhuhuri, likifunguliwa Jumatatu. Wachimbaji walikuwa mapumzikoni. Sisi kwetu mtu akifa asubuhi, jioni kesha zikwa, maana maiti hawekwi kama nyama ya sikukuu. Bakari aliwekwa. Alilala kwenye friji ya hospitali Jumamosi, akalala Jumapili, na baba yake akaketi nje kwenye benchi na koti lake, akiambiwa aende nyumbani, haendi. Tangu siku hizo Mzee Shekuwe hakunywa tena maji ya baridi. Alimwambia mkewe jambo moja tu: "Mimi msiniweke mle."

Ukaja uchaguzi wa madiwani. Viti vya baraza vilikuwa nusu kwa nusu baina ya pande mbili, kiasi kwamba kiti cha kata yao, kata ya Millgate, ndicho kingeelemeza mizani. Walikigombea watu wawili. Bwana Hatch, aliyekuwa nacho miaka mingi, alisema sheria ya lango ni sheria. Bibi Doreen Pask, mpishi mstaafu wa shule, alisema nikipata mimi, lango litafunguliwa Jumamosi na Jumapili, na mwenye maiti wake azike.

Basi siku ya kura ikaja, Alhamisi, na mvua juu yake. Mzee Shekuwe alikuwa kitandani na kifua. Daktari alikwisha kataza: asitoke, baridi itammaliza. Na Mzee mwenyewe hakutaka kutoka. Kura ya posta aliikataa mapema, akisema kura ya posta ni kama kumtuma mtu akakuolee.

Khatibu, aliyekuwa akimpigia kampeni Bibi Doreen, akabisha hodi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Kama umekuja kwa ajili ya kura, kunywa chai uende."

"Sikuja kwa kura. Nimekuja kuuliza tu. Bakari alilala wapi Jumamosi ile?"

Bi Mwanate aliweka chini birika. "Khatibu, ulimi wako una miba."

"Una miba, mama, lakini hauna uongo. Kata nzima nimeizunguka. Tumekaribiana nao mno. Huenda pakakosekana mtu mmoja tu, na mtu huyo akawa baba yake Bakari."

Mzee akainuka, akakaa ukingoni mwa godoro. Halafu akasema, "Mwanate, nipe koti."

Hiyo ndiyo kazi ya ulimi. Bila ulimi, Mzee asingeinuka.

Lifti ilikuwa imekufa wiki ile, na mafundi wa huko ukiwaita leo huja kukuzika. Famau akainama, akamchukua Mzee mgongoni, akashuka naye. Safari hii hakupiga mluzi. Ghorofa ya nne Mzee alikohoa mpaka Famau akakihisi kikohozi mbavuni mwake mwenyewe.

"Niteremshe nipumue, mwanangu."

Famau akamketisha kwenye ngazi, mahali penye dirisha lililovunjika. Upepo ulikuwa unaingia na mvua yake. "Turudi, mzee? Useme tu."

"Kabati likikwambia turudi, hurudi nalo?"

"Kabati halikohoi."

"Basi nichukue kabla sijakohoa tena."

Akamchukua. Wakavuka mvuani hadi shuleni palipopigiwa kura, Famau akamwinua mpaka kwenye kijimeza chenye penseli iliyofungwa kamba. Kura yenyewe ilichukua muda wa kupiga chafya. Kisha wakarudi, mvua ile ile, ngazi zile zile, Mzee akitetemeka kama jani mgongoni mwa mtu.

Hiyo ndiyo kazi ya mgongo. Bila mgongo, Mzee asingefika.

Kibibi alipita jioni kumtazama. Alisimama mlangoni. Aliona rangi ya midomo. "Kesho nikitoka kuhesabu kura nitakuja mapema," akamwambia Bi Mwanate, "na likizidi nipigie." Kwa nini hakusema zaidi, analijua yeye na Mola wake.

Ijumaa asubuhi kura zilihesabiwa katika ukumbi wa michezo, na Kibibi alikuwa wakala wa Bibi Doreen. Zikahesabiwa, zikarudiwa. Bibi Doreen na Bwana Hatch walikuwa sawa kabisa, na karatasi moja tu imewekwa pembeni. Watu wanatakiwa waweke alama ya mkasi, yaani X. Karatasi hii ilikuwa na mchoro wa tundu dogo la mviringo lililozungushiwa vistari vidogo vidogo, kama jicho lenye kope pande zote.

Kibibi alilijua tundu lile. Mkono ulioshona kofia miaka hamsini ukipewa penseli hushona.

Lakini hapo pana mtego. Sheria ya kule inasema karatasi ikijulikana ni ya nani, inatupwa. Akitamka jina, ameiua kura. Na wakati huo huo simu yake mfukoni ikaanza kutetemeka. Hakuitazama. Alijua nani anapiga, na alijua kwa nini. Lakini wakala akiondoka mezani, karatasi inabaki na maadui zake.

Wakala wa Bwana Hatch akasema, "Mtoto kachezea penseli. Hiyo imeharibika."

"Naomba tusiharakishe," akasema Kibibi. "Mchoro uko kisanduku cha nani?"

"Cha Bibi Pask," akajibu msimamizi wa uchaguzi.

"Umegusa kingine?"

"Haukugusa."

Simu ikatetemeka tena.

"Basi aliyeuchora alimtaka nani?"

Msimamizi akaigeuza karatasi huku, akaigeuza huku, akawaita wenzake wakanong'ona. Simu ikatetemeka mara nyingine, kisha ikanyamaza. Karatasi ikawekwa kwenye fungu la Bibi Doreen Pask. Akawa ameshinda kwa kura moja.

Hiyo ndiyo kazi ya jicho. Bila jicho, kura ingetupwa.

Kibibi akatoka mbio. Khatibu, aliyekuwa akingoja mlangoni mwa ukumbi, alikuwa amekwisha piga simu nyumbani kwa Mzee, na Bi Mwanate akaiweka sikioni mwa mumewe.

"Moja?" Mzee akauliza.

"Moja tu, mzee wangu," akasema Khatibu. "Lango litafunguka."

Mzee akamwonyesha mkewe kofia iliyotundikwa kwenye msumari, ile aliyoishona tangu Bakari afe, ambayo hakumpa mtu wala hakuiuza. "Hiyo apewe aliyeileta kura ile. Mmoja. Kofia haivaliwi na vichwa viwili." Kisha akafumba macho. Gari la wagonjwa, aliloliita Bi Mwanate Kibibi alipokosekana, lilipofika, na Kibibi nyuma yake akihema, halikuwa na mgonjwa wa kubeba.

Na ilikuwa Ijumaa mchana. Lango limefungwa. Jumatatu nayo ilikuwa sikukuu ya serikali. Bibi Doreen alikwenda mwenyewe kwenye ofisi za manispaa na koti lake la mvua, akagonga, akalia, akaambiwa hajaapishwa, baraza halijakaa, sheria ya zamani bado ina pumzi. Mzee Shekuwe, aliyelifungua lango kwa penseli, akawekwa mle mle alimosema asiwekwe. Jumamosi. Jumapili. Jumatatu. Bi Mwanate akakaa kwenye benchi lile lile, na koti lile lile.

Jumanne wakamzika.

Matangani, watu walipokwisha kula, ikaletwa ile kofia kwenye sinia. Bi Mwanate akasema wasia ni wasia. Nani kaileta kura?

"Mama, mimi sipendi kujisifu," akaanza Khatibu, na watu wakatazamana, maana alikuwa hana kitu kingine alichokipenda. "Lakini mtu aliyekataa kuinuka, nani alimwinua?"

"Aliinuka akakaa kitandani," akasema Famau. "Wewe ulimwinua mpaka ukingoni mwa godoro. Toka pale hadi shuleni alikwenda kwa maneno yako?"

"Bila maneno yangu ungembeba nani? Godoro?"

"Nyinyi mlileta karatasi," akasema Kibibi polepole. "Karatasi ilikuwa inakwenda kwenye takataka. Kura niliileta mimi. Nina baba huko kwetu Faza, kofia itamkaa."

Wakabishana hapo, na sauti zikapanda, mpaka Bi Mwanate akagonga sinia kwa kidole.

"Nimewasikia. Sasa nisikieni. Nilimwuliza daktari, akaniambia mume wangu angekaa ndani, kifua kingetulia. Nikamwuliza tena, je, kama angefikiwa mapema Ijumaa ile, angepona? Akasema pengine. Wanangu, aliyeileta kura ile ndiye aliyeniulia mume, maana kazi ni moja. Basi sitaitenganisha. Atakayeichukua kofia ataivaa au ataivika mtu wake swala ya Idi mbele ya watu, na akiulizwa kaipataje, aseme yote mawili: niliishindisha kura, na nilimuua Mzee Shekuwe. Haya. Nani?"

Friji ya jikoni ikasikika inavuma.

Khatibu, mwenye ulimi, akaupata kwa shida. "Mimi nilisema tu, mama. Maneno hayana mvua. Aliyemtoa nje ni Famau."

Famau akatazama mikono yake. "Mimi nilimwuliza turudi, akakataa. Na alirudi akiwa hai. Nilimlaza kitandani mwenyewe, anapumua. Aliyeitwa asije si mimi."

Kibibi akasema, "Ningekuja, kura ingekufa. Na alichokitaka Mzee ni kura. Na mimi zile simu nilizikuta baadaye..." Hakumaliza. Jicho lake, lililokuwa halikosi kitu, likawa linatafuta pa kutua.

Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba Mzee alikwenda kwa hiari yake, basi kofia azikwe nayo. Bi Mwanate alimsikia. "Kaburi limekwisha fungwa," akasema. "Lilichelewa kufunguliwa, sitalifungua mara ya pili."

Baraza lilikaa, likapiga kura, na kabla kiangazi hakijaisha lango la Oldersham likaanza kufunguliwa Jumamosi na Jumapili. Wa kwanza kupita alikuwa mtoto mchanga wa Kisomali, aliyekufa alfajiri, akazikwa kabla ya laasiri. Mama yake hakukaa kwenye benchi. Hajui kofia, hajui ngazi, hajui simu.

Na kofia ingali kwenye msumari, ghorofa ya tisa. Khatibu hupita akasalimu, akaitazama. Famau hupita. Kibibi hupita. Kila mmoja Bi Mwanate humpa chai, na hamwulizi kitu. Idi imekuja na kupita, wanaume wawili wameswali vichwa vyao vikiwa na kofia nyingine, na Kibibi na ushungi wake.

Mimi nimemaliza, na jibu sina, na ningekuwa nalo nisingewapa bure. Ulimi, mgongo, jicho: ukiondoa kimoja, lango lisingefunguka, na Mzee pengine angekuwa hai. Haya, wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa tangu mwanzo kama hakimu, simama uitungue kofia. Utamvika nani? Na ukishamvika, utaweza kumtazama Bi Mwanate usoni?