Digidigi na Ngome ya Mwisho

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na mabaraza kama sisi, kisima kilikuwa kimoja tu. Kila kiangazi wazee waliamua kwa mchezo wa sataranji: ukoo utakaoshinda ndio uteke maji, wengine wajitafutie. Miaka mingi mshindi alikuwa Nyati. Ukoo wa Digidigi ulibaki kulamba umande.

Mwaka huo Digidigi alifika fainali. Alikuwa amechoka hata kabla ya kuketi. Mwanawe mchanga alikesha akilia kwa kiu, na yeye mama maziwa yalikuwa yamemkauka. Korongo, aliyekuwa mwamuzi, alimuuliza kama angependa kujitoa. Akakataa, akajikokota mpaka mkekani.

Nyati hakuwa mchezaji mbaya, ila alipenda mno kula kete. Jua lilipofika utosini, tayari angeweza kumnasa mfalme wa Digidigi na kumaliza. Hakufanya hivyo. Alikula askari, tap! Akala farasi, tap! Akala malkia, kisha akaagiza maji, akayanywa taratibu mbele ya mwenzake.

"Dada, nenda nyumbani ukapumzike," akamwambia.

"Nitapumzika ukishashiba, kaka."

Kope zilikuwa nzito na shingo ilimuuma, lakini Digidigi aliendelea kumsogezea kete moja baada ya nyingine, kama mtu aliyekata tamaa. Mwishowe akabaki na mfalme wake pembeni, kazibwa kila upande, na ngome moja. Akaisukuma hadi ubavuni mwa mfalme wa Nyati.

"Shahi," akasema. "Mfalme wako yuko hatarini."

Nyati hakutazama mara mbili. Mfalme wake akaila ile ngome. Tap!

"Haya, cheza."

"Nicheze nini, kaka? Mfalme wangu hana pa kukanyaga, wala hakuna kete yako inayomshambulia."

Korongo aliinamia ubao kwa muda mrefu. Kisha akatangaza kwamba mchezaji aliyekwama namna hiyo hajashindwa. Mchezo ni sare, na kwa kuwa ni sare, kisima ni cha koo zote mbili.

Nyati akauliza kama alikuwa ametegwa.

"Ndiyo," Digidigi akajibu. "Nilijua huwezi kuacha kitu ubaoni."

Hakushangilia. Alimbeba mwanawe hadi kisimani, akamnywesha, akanywa na yeye, kisha akasinzia palepale ukingoni.

Basi shikeni hili, wanangu, nami nikalale: anayetaka kula vyote, hula hata ushindi wake.