Milango Mitatu, Kizingiti Kimoja

“Milango mitatu, kizingiti kimoja.” Methali hiyo mmeisikia leo barazani, nanyi mmeuliza chimbuko lake. Tulieni, wajukuu zangu. Ilizaliwa papa hapa mlimani.

Kihamba cha Ndetaulwa, shamba lake la migomba, kilipakana na cha marehemu ndugu yake. Mpaka ulikuwa mstari wa masale, mmea ambao kwetu hulinda mipaka, na ambao jani lake hubebwa na anayeomba msamaha. Siku ya soko, kijiji kikiwa kitupu, Ndetaulwa aliyang’oa masale yale na kuyapanda upya ndani ya shamba la yatima wa nduguye. Mjane, Mama Anasia, akashtaki. Wazee wa baraza wakataka shahidi aliyeujua mpaka wa zamani.

Ndetaulwa hakushtuka. Walioujua ni watatu, kila mmoja na dini yake. “Hawa hawapatani hata siku ya kupumzika,” alijiambia. “Nitamkosaje mmoja wa kunisemea uongo?”

Akaanza kwa rafiki yake, Shekhe Hatibu. “Sema tu mpaka ni pale masale yalipo sasa.”

Shekhe akacheka. “Una utani mbaya, bwana!” Alipoona mwenzake hacheki, uso ulimsawijika. “Nimeze kaa la moto kwa ajili ya migomba yako?” Akakata jani la sale uani, akamkabidhi. “Mpelekee shemeji yako.”

Ndetaulwa akaguna, akapanda kwa Mchungaji Elinisafi. “Baba Mchungaji, mimi ni kondoo wako.”

“Ndiyo maana sitakuacha upotee,” alijibu Mchungaji, akanyoosha mkono kwenye ua wake wa masale. Jani jingine!

Akabaki Mzee Kisaka, asiyejua msikiti wala kanisa, aliyewamwagia wahenga pombe ya mbege. “Mzee, wewe huna kitabu cha kukufunga,” Ndetaulwa alianza.

Mzee akaitema mbege aliyokuwa hajaimeza. “Kaburi la ndugu yako sasa liko upande wa nani?”

Katika pupa yake Ndetaulwa hakuwa ameliona hilo: watoto wa marehemu wangemwomba ruhusa wakamlilie baba yao. Mzee, asiyejua habari za majani mawili ya mwanzo, akamtia la tatu mkononi.

Ndetaulwa aliyatazama yote matatu. Hakuweza tena kusema lipi lilikuwa la nani.

Akashuka kwa Mama Anasia, akamkuta akikatia ng’ombe majani. “Matatu, shemeji? Moja lingetosha.”

“Nilibisha hodi kwenye milango mitatu nikitafuta pa kupenyeza uongo,” alisema Ndetaulwa. “Kote nimejikwaa kizingiti kilekile.”

Sale halikataliwi. Mjane akayapokea, kisha akamletea jembe. “Rudisha mpaka mwenyewe. Sasa hivi, watu wakiona.”

Wapita njia walisimama, vinywa wazi, Ndetaulwa mzima akichimba mbele ya kaburi la nduguye huku machozi yakimtoka. Kila aliyemuuliza kulikoni alipata jibu moja tu: “Milango mitatu, kizingiti kimoja.”