Wembe Juu ya Utosi Mtupu

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Kufa aliishi mwanamke mchamungu aitwaye Unaiza binti Rafii, mkamuaji wa mafuta na mchanganyaji wa dawa za ngozi. Mumewe, Hudhaili, alikuwa msuka mikeka, mtu mpole mwenye utani mwingi, na kichwa chake kilianza kung'aa tangu ujana wake. Nywele zilimtoka kwenye paji, kisha utosini, mpaka zikabaki chache tu juu ya masikio. Baba yake alikuwa hivyo hivyo, na babu yake pia.

Hudhaili hakujali, mpaka Mola alipowajaalia wote wawili uwezo wa kwenda kuhiji. Hapo ndipo moyo ulipoanza kumuuma.

"Binti Rafii," alimwambia mkewe, "watu watafika Mina, wanyoe vichwa vizima kwa ajili ya Mola wao. Mimi nitatoa nini? Hizi za masikioni?"

Alisema huku akicheka, lakini Unaiza alimjua mumewe, na aliona kwamba macho hayakucheka.

Sokoni kila muuzaji alikuwa na dawa yake ya kuotesha nywele, na kila mmoja aliiapia. Unaiza hakuwa mtu wa kuapia asichokijaribu. Desturi yake ilikuwa kupaka dawa upande mmoja wa kichwa, na upande wa pili mafuta matupu ya ufuta, ili kikiota kitu ajue kimeletwa na nini. Kwa kuwa kila jambo jema huanzwa kwa kulia, dawa ya kwanza, mafuta ya habasoda, aliipaka kulia. Miezi ikapita, hakikuota kitu. Ndipo akagutuka: Hudhaili, kwa kushika sunna, alikuwa akilala kwa ubavu wa kulia, na dawa yote ilinywewa na mto!

"Ingekuwa na nguvu, bwana wangu," alisema, "mto wetu ungekwishaota nywele."

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Akaihamishia dawa kushoto, akaanza upya. Ilipogoma habasoda akajaribu maji ya kitunguu, na kitunguu kilipogoma akajaribu hina. Kila Ijumaa, baada ya kuoga, Hudhaili aliinamisha kichwa mapajani kwa mkewe, naye akakipapasa taratibu. Mtu hawezi kuuona utosi wake mwenyewe, kwa hiyo Hudhaili hakuwa na shahidi ila ulimi wa Unaiza.

"Umeona nini?"

"Bado, bwana wangu."

Siku moja akaja Zuheri, muuza manukato, na furaha tele. Nywele zake zilikuwa zimepukutika, akapaka mafuta ya Unaiza, na sasa zimejaa. "Nipe chupa zote ulizo nazo," alisema. "Mji mzima unayataka!" Hudhaili akanyanyua uso, na matumaini yakamjaa usoni.

Unaiza akauliza kwa upole, "Kabla hazijapukutika, hukuumwa?"

"Niliumwa. Homa kali, nusura inizike."

"Basi nywele zako ziliondoka na homa, na zilikuwa njiani kurudi. Mafuta yangu yalikutana nazo tu mlangoni."

Zuheri akaondoka amenuna. Hudhaili akarudi kwenye mkeka wake.

Ikafika Ijumaa ya mwisho kabla ya msafara. Hudhaili akainamisha kichwa kama kawaida yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Umeona nini?"

Unaiza alimpenda mno mtu yule. Neno moja tu, "zimeanza," lingempeleka Mina na furaha, naye asingejua kamwe. Neno lile likamfika ncha ya ulimi. Kisha akawaza: anakwenda kusimama mbele ya Mola wake, nimpeleke na uongo wangu kichwani?

"Hakuna kitu, bwana wangu," alisema. "Dawa zote hizi zinalainisha ngozi tu. Nisamehe."

Machozi yakamdondoka. Hudhaili akapapasa utosi wake, akasema, "Kichwa changu kimelowa. Hii nayo umeipaka upande gani?"

"Pande zote mbili," akajibu, na wakacheka huku wanalia.

Huko Mina kinyozi alimnyoa zile za masikioni, akasita. "Mzee, huku juu hamna cha kunyoa."

"Pitisha wembe, ndugu yangu. Wanazuoni wamesema asiye na nywele naye apitishiwe. Nami sikuja mikono mitupu. Nilitamani mno pawe na nywele hapo, na mke wangu akaniambia kweli. Tamaa ile ndiyo ninayoitoa leo."

Wembe ukapita polepole juu ya utosi mtupu. Unaiza alikuwa amesimama karibu, akakata ncha za nywele zake mwenyewe, akamshukuru Mola kwa neno alilolimeza.

Waliporudi Kufa, kila aliyeulizia mafuta aliambiwa, "Yanalainisha ngozi. Zaidi ya hapo sijaona."

Enyi ndugu, kila mmoja wetu ana mahali asipoweza kujiona, na hapo hutegemea jicho la ampendaye. Mwenyezi Mungu atujaalie mtu kama Unaiza nyumbani mwetu, na atujaalie sisi tuwe kama yeye kwa mwingine.