Sanduku la Mwalimu Tusekile

Sogeeni karibu, na mwenye kutaka kubisha asubiri nimalize, maana nawajua. Nina kesi mkononi na imenikosesha raha wiki nzima. Nitawaeleza ilivyokuwa, siongezi wala sipunguzi. Wivu ninao, na sitauficha.

Pale Tukuyu, nyuma ya soko, tuko mafundi wanne wa kushona katika chumba kimoja. Kila Jumatano mchana, mvua ikishafukuza wateja, tunasimamisha vyerehani na mmoja wetu anatoa maoni juu ya kitabu alichokisoma karibuni. Sheria yetu ni moja: hakuna kutaja mwisho. Ukitaja mwisho, unawashonea wenzako vifungo wiki nzima.

Sasa wajueni. Wa kwanza ni Sekela. Huyu akikusimulia kitabu, unakitaka papo hapo, hata kama hujawahi kumaliza gazeti. Wa pili ni Tumpe. Yeye hasifii kitu bure. Anatafuta uongo ulipo kwenye kitabu, na akiupata hauachii. Wa tatu ni Subilaga. Anasoma polepole mno, kitabu kimoja miezi miwili, lakini akisoma kwa sauti hata mimi naweka sindano chini, na mimi si mtu wa kusifia watu. Wa nne ni mimi, Mama Ipyana. Kipaji changu hakuna aliyewahi kukitaja.

Fundi wa vyerehani vyetu ni kaka Ambakisye. Huja kila Jumatano kutia mafuta na kukaza nati. Akitusikia tunaongea vitabu, anaguna. "Nyie akina mama mna nafasi," anasema. Hatukujua kwamba nyumbani kwake kulikuwa na sanduku la bati lenye vitabu vya marehemu dada yake, Mwalimu Tusekile, na kwamba tangu amzike, miaka saba sasa, hajaligusa.

Jumatano moja ilikuwa zamu ya Sekela. Alikuwa amesoma kitabu cha jalada la kijani, habari za kaka na dada yatima waliolelewa na shangazi mkali. Walikuwa na jozi moja ya viatu. Mmoja anakwenda shule asubuhi, anarudi mbio kumvulia mwenzake njiani, avivae zamu ya mchana. Jamani, Sekela alivyosimulia, tuliyaona yale matope vidoleni. Wakakua, dada akafa, akamwachia kaka yake barua. Kaka akaiweka miaka bila kuifungua. Siku moja akachana bahasha, akasoma mstari wa kwanza, na hapo Sekela akanyamaza.

"Halafu?" Sauti ilitoka chini ya cherehani changu. Ilikuwa ya Ambakisye, bisibisi mkononi.

"Sheria ni sheria, kaka," Sekela akamjibu. "Kasome."

Wiki ile Ambakisye alipita kwetu mara tatu, na hakuna mashine iliyoharibika. Kila mara alimwomba Sekela amwambie mwisho tu, basi. Sekela alikataa huku anacheka.

Jumatano iliyofuata zamu ikawa ya Tumpe, kitabu kile kile. Tumpe hakutabasamu. "Mimi huyu mwandishi simkubali," alisema. "Mtu kamzika dada yake Ijumaa, Jumatatu yuko kazini anataniana na wenzake. Barua ya marehemu anaifungia miaka. Nani anafanya hivyo? Katudanganya."

"Hajadanganya," Ambakisye akasema.

"Wewe umekisoma?"

"Sijakisoma. Nimekifanya."

Akatueleza, amesimama pale pale mlangoni. Sanduku, kufuli, miaka saba. Alisema wiki aliyokufa dada yake, alimwona na kitabu cha kijani kama hiki mapajani. Mimi nilidhani Tumpe ataomba radhi. Wapi! "Pole sana, kaka," alisema. "Lakini neno langu siliondoi mpaka ukisome, uje uniambie mwenyewe kama mwandishi kasema kweli. Mimi sijui. Wewe ndiye unayejua." Ambakisye aliondoka bila kuaga. Siku ile ile alikata kufuli kwa msumeno wa chuma. Kitabu cha juu kabisa kilikuwa kile kile cha kijani, na kurasa chache kabla ya mwisho uzi mwekundu wa sufu, pale dada yake alipoishia.

Jumatano ya tatu alikuja na kitabu kile amekifunga kwenye nailoni kwa ajili ya mvua. "Sanduku nimelifungua," alisema. "Kusoma nimeshindwa. Nikifika kwenye huu uzi, macho yanagoma."

Zamu ilikuwa ya Subilaga. "Mimi sijamaliza, na maoni sina," alisema. "Hebu nipe." Akafungua penye uzi, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama vile anazungumza na mtu aliyekaa naye jikoni. Alisoma ukurasa mmoja, akasoma wa pili. Kisha, katikati ya sentensi, akamrudishia. "Endelea wewe."

Na Ambakisye akaendelea. Alisoma vibaya, anakwama, anarudia, mpaka neno la mwisho, mwisho wenyewe ukatajwa mbele yetu sote na hakuna aliyesema habari za vifungo. Alipofunga kitabu alilia kwa sauti, mwanaume mzima. Tukalia naye. Tumpe ndiye aliyemletea maji ya kunawa uso.

Kesho yake akaleta sanduku, akaliweka juu ya meza yetu ya kukatia vitambaa. "Jumatano nahamia Mbeya kwa mwanangu," alisema. "Hili ni la yule aliyenirudisha kwa dada yangu. Apewe mmoja. Vitabu hivi Tusekile alivikusanya miaka ishirini, sitaki vitawanyike. Mkishindwa kuamua, naondoka nalo na kufuli jipya."

Mwee! Hapo ndipo tulipojuana.

"Ni langu," alisema Sekela. "Bila mimi kumtia hamu angekuwa bado anaguna chini ya vyerehani."

"Hamu haijafungua kufuli," Tumpe akamrukia. "Alipita hapa mara tatu na hamu yake, sanduku limefungwa vile vile. Mimi ndiye niliyemwambia neno gumu."

"Na alipolifungua, alisoma?" aliuliza Subilaga, kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi. "Si alikuja hapa ameshindwa? Nani alimvusha?"

"Kurasa mbili tu, Subilaga! Kurasa mbili unataka sanduku zima?"

Toka siku hiyo hatusalimiani vizuri. Sekela kageuza cherehani chake kinatazama ukuta. Tumpe analeta mkasi wake na kuondoka nao. Subilaga anaendelea na kitabu chake, hamwambii mtu anakionaje. Vitambaa tunakatia magotini kwa sababu sanduku limekaa mezani. Jana, wote watatu, kwa mara ya kwanza wiki hii, walikubaliana jambo moja: "Mama Ipyana aamue. Yeye hana chake humu."

Hana chake! Jamani, kitabu alichokisoma Sekela kilikuwa changu. Nilimwazima mimi, na kutoka kwa Sekela kikaenda kwa Tumpe na Subilaga. Nilikisoma kabla yao wote, nikakilia peke yangu. Zamu yangu ilipofika, waliniuliza nimekionaje, nikasema, "Kizuri." Basi, neno moja. Niliona haya. Nilijua nikifungua mdomo, Sekela atakuja kukisimulia vizuri kuliko mimi, Tumpe ataniambia nimedanganyika, na Subilaga atakisoma mpaka watu wasahau kwamba na mimi nilikuwepo. Nikaumeza wivu wangu pamoja na maoni yangu. Na hayo machozi aliyolia Ambakisye, mimi nilikuwa wa kwanza kuyalia.

Sasa kesho ndiyo Jumatano, na gari la Mbeya linaondoka saa nne asubuhi. Nikitaja mmoja, wawili watahama chumba, na maoni yetu ya Jumatano yamekwisha. Nikinyamaza, vitabu vya Mwalimu vinarudi kwenye kufuli. Na mimi, Mungu anisamehe, kila nikijaribu kutamka jina la mmoja wao, linalonijia mdomoni ni langu.

Haya, mmenisikiliza mpaka hapa, msiniangalie tu. Yupo aliyemtia hamu, yupo aliyemwambia neno gumu, yupo aliyemsomea, na nipo mimi niliyekileta kitabu nikanyamaza. Ingekuwa ninyi mmesimama mbele ya sanduku hilo kesho asubuhi, mngetaja jina la nani?