Ukucha Usiopakwa Hina

Hapo zamani, na asiyetaka kusikia habari za miguu azibe masikio, kulikuwa na mwari aitwaye Mwanakheri. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wake ulikuwa mnene, wa manjano, unamomonyoka. Fangasi! Somo yake, Bi Shazume, aliyemfunda na kuwapaka hina maharusi wote wa mji, kila Idi aliukandika hina nzito. "Aibu ya mwari husitiriwa," alisema. Hina ikang'aa juu, fangasi wakanenepa chini.

Siku ya posa, mama wa bwana harusi akauona. "Ukucha huu hauingii kwangu!"

Mwanakheri akanyoosha mguu. "Kama mwanao anaoa ukucha, Mama, akautafute sokoni. Mimi naja mzima, na miguu yangu."

Harusi ikasimama.

Dada yake, Riziki, akaenda duka la dawa, akarudi na dawa ya kupaka. Muuzaji alimwambia: ukucha upunguzwe kwa tupa, upakwe kila siku, usifunikwe kwa rangi wala hina, na msichoke mpaka ukucha mpya umalize kuota. Wengine wakikunja pua, Riziki aliupakata mguu ule, akausugua ukucha kwa tupa. Mwanakheri akapaka. Akapaka leo, akapaka kesho, akapaka hata alipoona hakibadiliki kitu.

Idi ikafika. Mwanakheri akatoka na ndara, mguuni hana hata tone la hina. Wanawake wakacheka.

"Chekeni! Ukucha ni wangu, si wa mtaa."

Kicheko kile kikamuuma Bi Shazume. Akamwaga bakuli lake la hina mbele ya wote, akaketi kando ya mwari wake. Wanawake wakaona amewadharau; tangu siku hiyo hakuitwa tena kupaka bibi harusi yeyote.

Ukucha mpya ukaota, safi. Mama mkwe akaukagua, akakubali, harusi ikapangwa. Na desturi yao ni hii: aliyemtengeneza mwari ndiye humpaka hina ya kwanza.

Riziki akasema, "Ni mimi! Dawa nilileta, na vumbi la ukucha ule nililivuta kwa pua hii."

Bi Shazume akasema, "Ni mimi! Nilikosea, sikatai. Lakini nani mwingine amepoteza kazi yake kwa mguu huu?"

Mwanakheri akasema, "Aliyepaka ni mimi, aliyechekwa ni mimi. Nitajipaka mwenyewe, na desturi ikitaka inune!"

Hina imeshalowekwa, mguu uko juu ya mto, mama mkwe yuko mlangoni. Yangu yamekwisha, yenu yameanza. Je, nani alistahili kuugusa kwanza ukucha ule?