Sikudhani Aliyerudi Kuota Jua

Paukwa!

Pakawa!

Wewe wa nyuma, mbona kimya? Itikia, bwana! Hadithi hii haimtaki mtu wa kunyamaza. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na jabali, na kwenye jabali waliishi pimbi. Kila asubuhi walitoka mashimoni, wakabanana juani, ubavu kwa ubavu, mpaka miili ikapata moto. Ndipo watoto wakaenda shule kwa Mwalimu Kakakuona.

Mwalimu Kakakuona alijua mambo. Alijua majani yenye sumu. Alijua kivuli cha tai na kivuli cha wingu. Lakini nyimbo? Alizifuta shuleni. "Wimbo haujawahi kumzuia nyoka," alisema. Wazazi wakaona sawa, maana nani anataka mtoto mjinga? Watoto wakakua wanajua hesabu, hawajui kuitikia.

Siku moja nyoka akamuuma Sikudhani, binti wa Mama Pimbi. Akafa. Mwalimu akachunguza jeraha, akaufuata ufa alimotokea nyoka, akauziba kwa mawe. Nyoka hakurudi tena. Hapo Mwalimu alifanya kazi, tusimwonee.

"Sasa tumwimbie mwanangu," akasema Mama Pimbi.

"Wimbo wa nini, mama? Ameshakufa. Mfukieni, watoto wana masomo."

Wakamfukia.

Asubuhi, pimbi wamebanana juani. Kwaru, kwaru, kwaru. Kucha juu ya jiwe.

"Nipisheni nikae," sauti ikasema. "Nina baridi."

Sikudhani! Manyoya yamejaa udongo wa kaburi. Akajipenyeza katikati, akajibana na mdogo wake, Mashavu. Jua linawaka, na Mashavu anatetemeka.

Kesho yake, kwaru, kwaru. Keshokutwa, kwaru, kwaru. Kila alipokuja, Mashavu alizidi kupoa. Akaacha kucheza. Akaacha kula. Mama Pimbi akamkumbatia akilia, "Nimezika mmoja, sasa nitazika na wa pili!"

Mwalimu akaja mwenyewe. Akaweka sikio kifuani pa Sikudhani.

"Moyo haupigi. Sikudhani, wewe umekufa."

"Ndiyo, Mwalimu. Ulitufundisha. Moyo usipopiga, pimbi amekufa."

"Basi mbona huendi?"

"Hakuna aliyeniaga."

Mwalimu akajikunja akawa mpira, maana ndivyo kakakuona wafanyavyo wakiogopa.

Mama Pimbi akafuta machozi, akaanza:

"Sikudhani wangu, mwizi wa tini..."

Akangoja. Wimbo wa kuaga hauimbwi na mmoja. Mama anaita, wengine wanaitikia. Watoto wakafungua vinywa, wakatoa walichokuwa nacho:

"Mbili mara mbili, nne! Mbili mara tatu, sita!"

Sikudhani akazidi kujibana na mdogo wake. Mashavu akafumba macho.

"Mwalimu!" Mama Pimbi akapiga kelele. "Wewe nyimbo hizi ulizikuta kabla ya kuzifuta! Itikia!"

Mpira ukafunguka polepole. Sauti ya Mwalimu ilikwaruza, aibu imemjaa:

"Nenda, mwana, nenda."

"Sikudhani wangu, wa kucheka usingizini..."

"Nenda, mwana, nenda," watoto wakadaka.

Sikudhani akainuka. Akawatazama mmoja mmoja, akatabasamu. Kwaru, kwaru... kwaru. Kimya.

Mashavu akapiga chafya. "Mama, nina njaa."

Tangu siku hiyo Mwalimu Kakakuona hufundisha nyufa za nyoka, kisha huimbisha. Anaimba vibaya, lakini anaimba.

Basi jamani, mtoto afundishwe sayansi, ajue kinachoua. Afundishwe na nyimbo, ajue kuishi na waliobaki na kuwaaga walioondoka. Anayepewa kimoja tu hajasomeshwa, amefundishwa nusu.

Hadithi yangu naitua hapa. Nawe wa nyuma, uliyekuwa hutaki kuitikia, hebu nipe mkono.

Mbona baridi hivyo?

Mliokaa karibu naye, imbeni.