Kwa Nini Tunafumba Macho Tunapogonga Mtungi

Sogeeni karibu. Na wewe unayecheka huko nyuma, tulia, maana habari hii inanitisha mpaka leo.

Hapo kale macho ndiyo yaliyokuwa watemi wa mwili. Yakishasema, basi. Masikio yalisikia na ngozi ilihisi, ila hakuna aliyeviuliza kitu, na akili ilikuwa imelala tu katika nyumba yake ya mfupa isiyo na dirisha.

Wakati huo aliishi mfinyanzi aitwaye Nyamizi. Mitungi yake aliisugua kwa kokoto mpaka ikang'aa, na nyufa zote zikajificha chini ya mng'ao huo. Mwaka mmoja wa ukame bintiye Kalunde alijifungua ng'ambo ya mbuga, mwendo wa siku nzima, na kisima cha huko kikakauka. Bila maji ya kunywa, maziwa yake yalikataa kutoka.

Nyamizi akachagua mtungi uliong'aa kuliko yote, akaujaza, akajitwika. Njiani shingo yake ikalowa. Akautua, akautazama pande zote, macho yakasema, "Mzima huu. Hilo ni jasho lako." Akaamini. Alipofika, yalibaki maji ya kujaza kibuyu kimoja tu.

"Mama, mwanangu ananifia," Kalunde akasema.

Nyamizi akarudi mbio. Nyumbani ilibaki mitungi mitatu, yote iking'aa. Akayakasirikia macho yake mwenyewe, akayafumba kwa nguvu. Kisha, bila hata kujua afanyalo, akaugonga mtungi wa kwanza kwa kidole. Ta! Mlio ukafa hapo hapo. Wa pili, ta! Wa tatu ukalia ngooo, mlio ukapanda mkononi mpaka begani.

Ndipo akili ilipoamka. Humo gizani ikaupokea ule mlio, ikaona ndani ya udongo, mahali ambapo jicho halijawahi kufika. Ile miwili ina ufa, huu hauna. Nyamizi akafumbua macho.

Akaujaza ule wa tatu. Haukuvuja hata tone. Kalunde akanywa, na mtoto akanyonya.

Na tangu siku hiyo hatununui mtungi kabla ya kuugonga, na tukiugonga tunafumba macho. Akili bado imekaa gizani, jua haijawahi kuliona, lakini kwa kubishiwa hodi tu hutujengea dunia nzima. Nikiliwaza hilo nywele hunisimama. Mtoto yule ndiye aliyemzaa bibi wa bibi yangu. Kwa hiyo hata mimi mnayeniona hapa nimetoka kwenye ule mlio.